Hotuba za Zamani: Jinsi ya Kuzitafuta na Kuzifundisha

Mwanafunzi mmoja wa darasa letu la juu alisimama siku moja akauliza, "Samahani, Mwalimu. Baba wa Taifa alitaka kuwasha mshumaa au mwenge?" Tukamjibu upesi kwamba ni mwenge, kama ajuavyo kila mtoto aliyepata kusimama kando ya barabara akiungoja Mwenge wa Uhuru upite. Wenzake wakamcheka, naye akaketi. Asubuhi ya pili alituletea kitabu cha hotuba za Mwalimu Nyerere, kile kiitwacho Uhuru na Umoja, kilichopigwa chapa kwa Kiingereza mwaka 1966, akatuonyesha mahali kwa kidole. Neno lililoandikwa pale maana yake ni mshumaa, wala si jingine. Ikatubidi kusimama mbele ya darasa lile lile na kukiri kosa letu.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 22 Oktoba 1959 Julius Nyerere alisema katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mjini Dar es Salaam. Alisema kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha iliyotumika barazani siku zile. Alieleza kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, upate kuangaza ng'ambo ya mipaka na kuwapa tumaini waliolikosa. Maneno hayo yalipoingia katika Kiswahili, mshumaa ukawa mwenge. Mwezi wa Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge kileleni pamoja na bendera, na mwaka 1964 mbio za Mwenge zikaanza. Leo neno lile la kwanza halikumbukwi, ila na mtu mwenye kitabu.

Hatusemi kwamba waliobadili walikosea. Mshumaa ni kitu cha ndani ya nyumba, tena ni kitu cha altareni. Upepo kidogo waweza kuuzima. Mwenge ni wa nje, hushikwa mkononi, hupokewa na mtu kwa mtu. Kwa watu waliotaka kwenda mbio na nuru mikononi, mwenge ndio neno lililofaa. Lakini katika kubadili, kitu kimoja kilipotea, nacho ni udogo. Mtu atakaye kuweka mshumaa juu ya mlima mrefu kuliko yote ya Afrika anakiri kwamba alicho nacho ni kidogo, na kwamba kitaonekana mbali kwa sababu ya mahali kilipowekwa tu. Mwanafunzi ajuaye neno moja tu hupata nusu ya jambo. Ajuaye yote mawili aweza kuuliza ni nani aliyebadili, lini, na kwa nini. Na hapo ndipo elimu ya uraia inapoanza.

Tangu siku ile tumekuwa tukizitafuta hotuba za zamani kadiri ya nafasi yetu, na twapenda kuwaeleza walimu wenzetu na mapadre yale tuliyoyaona.

Kwanza yafaa kutazama maneno yenyewe. Hotuba limetoka katika Kiarabu, khutba, yaani maneno asemayo khatibu juu ya mimbari siku ya Ijumaa. Wako wasemao hutuba. Basi asili yake ni usemi wa mtu mmoja aliyesimama mahali palipoinuka, na wengine wote wakikaa kimya. Risala ni kitu kingine: ni ujumbe ulioandikwa, husomwa mbele ya mgeni wa heshima, na asomaye husema kwa niaba ya wenzake. Mawaidha ni maonyo. Shauri ndilo neno la barazani, nalo halina msemaji mmoja: huyu huanza, yule hudakia, wa tatu hupinga, na mzee hufunga.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Risala hudumu, kwa kuwa tangu kuzaliwa kwake ni karatasi, na mgeni huondoka nayo. Hotuba hudumu ikiwa alikuwapo mwandishi. Shauri halidumu hata kidogo. Kwa hiyo atafutaye katika makabati ya serikali za zamani atakuta maneno ya adabu ambayo watu walimsomea Gavana kuliko maneno waliyosemezana Gavana alipokwisha kupanda gari. Nasi tukiwapa wanafunzi risala peke yake, watadhani babu zao walikuwa watu wa kushukuru tu.

Jambo la pili ni mkono ulioandika. Tarehe 26 Julai 1952 chama cha KAU kilifanya mkutano mkubwa Nyeri, katika Kenya, na Jomo Kenyatta akahutubia maelfu ya watu. Hotuba ile tunayo. Twaijua maana aliyoitoa ya rangi za bendera ya chama: nyeusi ni ya watu weusi, nyekundu yaonyesha kwamba damu ya Mwafrika na damu ya Mzungu ni rangi moja, kijani ni nchi yenye rutuba waliyopewa na Mungu, nayo katika bendera ile iko chini ya nyekundu, imeonewa. Mwalimu hawezi kupata somo bora kuliko hilo la kuwafundisha watoto kwamba bendera husomwa kama kitabu.

Lakini hotuba ile tunayo kwa sababu gani? Kwa sababu polisi walikuwapo na kuandika, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1960 katika kitabu cha serikali kilichotungwa na F. D. Corfield juu ya asili ya Mau Mau. Aliyeandika hakuandika ili watoto wajifunze. Aliandika ili mkubwa wake ajue kama msemaji ni mtu wa kukamatwa. Tena aliandika kwa Kiingereza, na watu wa Nyeri hawakupanda vilima vile ili kusikiliza Kiingereza. Hata hivyo hatuna budi kumshukuru kwa jambo moja: aliandika pia mahali watu waliposhangilia. Katibu rafiki wa msemaji mara nyingi huliacha hilo, maana huona maneno ndiyo kazi yake na kelele si kazi yake. Adui alizihesabu kelele.

Karibu mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Agosti, Kenyatta huyo huyo alisimama Kiambu, katika mkutano ambao serikali iliutaka, akailaani Mau Mau mbele ya umati mkubwa. Alitumia laana ya Kikuyu itajayo mizizi ya mti uitwao mikongoe, ambako kitu kikienda hakirudi tena. Serikali haikuridhika. Mwezi wa Oktoba hali ya hatari ikatangazwa, akakamatwa, na mwezi wa Aprili 1953 akahukumiwa Kapenguria kifungo cha miaka 7. Sasa mwalimu aweke hotuba hizi mbili mezani, ya Nyeri na ya Kiambu, awaulize wanafunzi: msemaji ni mmoja, mwezi umepita mmoja, nini kilichobadilika? Ni mahali? Ni waliokaa viti vya mbele? Je, laana ikitafsiriwa bado ni laana? Sisi tumejaribu, na kipindi kilikwisha kabla ya mabishano.

Jambo la tatu ndilo lituumizalo zaidi. Tarehe 7 Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kwa niaba ya TANU, chama kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka. Maneno yake yaliandikwa na makarani, yakahifadhiwa, na kitabu tulichokitaja hapo juu kinayo. Aliporudi Dar es Salaam mwezi ule ule, alisimama Mnazi Mmoja akawaeleza watu kwa Kiswahili kile alichokwenda kukisema. Kisha akaacha ualimu wake katika shule ya misheni ya Mtakatifu Francis, Pugu. Basi ukiitafuta hotuba ya Mnazi Mmoja katika kitabu hicho huioni. Ile iliyosemwa mbele ya wageni wachache mbali ng'ambo ya bahari twaweza kuisoma leo neno kwa neno. Ile iliyosikiwa na wapagazi wa bandarini, wauza samaki na akina mama wa Kariakoo, ile iliyowafanya watoe senti zao kukata kadi, imekwenda na upepo wa bahari.

Na yeye alikuwa mwanamume, tena msomi wa Edinburgh. Tumkumbuke Bibi Titi Mohamed. Huyu kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa mbele katika kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, na mwaka 1955 aliushika uongozi wa wanawake wa TANU. Alisafiri sehemu nyingi za nchi, akasema mbele ya watu wengi, na wote waliomsikia wasema sauti ile haikuwa na mfano. Hatushangai: mtu aliyezoea kuongoza ngoma ajua lini kupandisha sauti, lini kunyamaza, na lini kuwaachia wengine waitikie. Lakini hotuba zake ziko wapi? Mwaka 1984 mwanahistoria wa Marekani, Susan Geiger, aliketi naye na kumsikiliza akisimulia maisha yake, na mwaka 1997 akatoa kitabu juu ya wanawake wa TANU. Ni kazi njema sana. Ila ilikuwa imepita miaka karibu 30, na kile tulichopata ni kumbukumbu za mtu aliyehutubia, siyo hotuba. Bibi Titi alifariki mwaka 2000. Kama angalikuwapo mwalimu mmoja wa shule, katika mji mmoja tu aliopitia, mwenye penseli na daftari!

Wengine watasema kwamba sasa ni kuchelewa. Twajibu kwamba vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, na mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kwao, wakawauliza wazee, wakaandika. Ilikuwa imepita miaka 63, nao walirudi na habari ambazo hazikuwamo katika kitabu chochote cha Wajerumani. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 pale Mnazi Mmoja mwaka 1955 leo umri wake ni wa miaka 90 na kitu. Wako bado, lakini wachache, na kila kipupwe kikipita tunaitwa kumzika mmoja wao. Waliokuwa watoto wakibebwa mabegani ni wengi zaidi, na mtoto hukumbuka mambo ambayo mkubwa huyapuuza.

Namna ya kuuliza yahitaji uangalifu. Zamani tulikuwa tukienda kwa mzee na kumwuliza, "Babu, alisema nini?" Naye hutujibu maneno mawili matatu ambayo sisi wenyewe twayajua, maana ameyasikia redioni mara nyingi tangu siku ile. Siku hizi twauliza mambo mengine. Ulisimama wapi? Jua lilikuwa upande gani? Nani alikuwa kando yako, na alikunong'oneza nini? Mlirudi nyumbani kwa njia ipi, na njiani mlibishana juu ya neno gani? Mzee akikumbuka ubishi wa njiani, hotuba yenyewe huja nyuma yake kama ng'ombe amfuataye ndama. Simu ya mkononi yatosha kuishika sauti. Lakini daftari liwepo pia, kwa kuwa simu huibwa, tena hujaa, na kijana huzifuta sauti za wazee ili apate nafasi ya nyimbo. Watangazaji wa redio walifanya vivyo hivyo zamani katika nchi nyingi: tepu ilipokuwa haba, jambo la jana lilifutwa ili la leo lishikwe.

Mtu akiisha kuandika, asitengeneze. Hili twalisema kwa aibu. Mzee mmoja alitueleza maneno ya mtemi katika mkutano wa kukataa amri fulani ya kilimo; nasi tukayapanga vizuri, tukanyosha ngeli, tukaondoa marudio, tukamsomea. Alisikiliza hata mwisho, kisha akasema kwa upole, "Hayo ni maneno yako, mwalimu. Ni mazuri." Tukairarua karatasi na kuanza upya. Marudio yale tuliyoyaondoa ndiyo yaliyokuwa mahali pa watu kuitikia. Palipo na pengo pabaki pengo, na lugha ya mtu iachwe kama alivyoisema, hata kama si sanifu. Na juu ya karatasi paandikwe siku, mahali, lugha iliyosemwa, lugha iliyoandikwa, jina la aliyeandika, na kama alikuwapo mwenyewe au alisimuliwa. Karatasi isiyo na haya, hata iwe na maneno matamu kiasi gani, ni kama cheti cha ubatizo kisicho na jina.

Ndugu zetu mapadre wana hazina ambayo pengine hawaijui. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliagiza kwamba kila kituo kiwe na kitabu cha kuandikia habari za kila siku, na desturi hiyo ilishikwa miaka mingi. Humo mna mvua, homa, ng'ombe waliopotea. Lakini pia mna siku ambayo mtemi alikuja na watu wake, akasema hivi na hivi. Padre aliandika mistari mitano tu kabla ya kulala. Mistari hiyo mitano mara nyingine ndiyo pekee iliyobaki. Twaomba vitabu hivyo visiachiwe mchwa, na mwalimu akija kwa adabu kuomba kusoma, asiambiwe kwamba ufunguo umepotea.

Sasa tuseme kidogo juu ya darasa lenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana naye. Kila Mtanzania anajua kwamba alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Tuliwatuma wanafunzi, kila mmoja kwa mzee wake, wamwulize maneno yalikuwaje hasa. Wakarudi na mipangilio mitatu. Kwa huyu nia ilitangulia, kwa yule sababu, kwa wa tatu uwezo. Na kila mzee aliapa kwamba alikuwa amekaa karibu na redio. Tukawaambia wanafunzi wachague upi wauona wafaa zaidi, na kwa nini. Msichana mmoja akasema sababu haina budi kutangulia, kwa maana mwenye uwezo na nia pasipo sababu ni mnyang'anyi. Jibu lile tuliliandika ukutani. Kisha ndipo tuliposikiliza sauti yenyewe ya siku ile. Hatusemi hapa ni mzee gani aliyepatia. Mwalimu atakayejaribu somo hili asikilize pamoja na wanafunzi wake.

Walipoisikia sauti, jambo lililowashangaza halikuwa mpangilio. Walishangaa kwamba kulikuwa na maneno mengine. Walikuwa wamedhani hotuba ni sentensi zile tatu tu, kama methali. Na hii ndiyo hatari ya vipande: kipande cha hotuba hubebeka kama jiwe, na kila mtu aweza kukitupa atakako. Tumesikia maneno yale ya vita yakitumika kwa timu ya mpira, kwa uchaguzi wa kata, hata kwa kuuza sabuni. Si dhambi, lakini mtoto ajue kwanza kwamba siku yaliposemwa, nchi ilikuwa imeingiliwa na watu walikuwa wakifa, na kwamba vita vile viliendelea hata Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979.

Wala hatutaki hotuba za wazee zifundishwe kama Maandiko. Msemaji hodari aweza kutupoteza. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitupa somo la jambo hilo alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963: ndani yake wasemaji wawili wasema juu ya maiti moja, na watu wale wale wamkubali wa kwanza, kisha wamkubali wa pili, bila kuona haya. Twapenda kuwasomesha wanafunzi mahali hapo kabla ya kuwapa hotuba yoyote ya kwetu, ili masikio yao yawe macho.

Daftari letu sasa lina hotuba 11. Nne tu kati yake twajua kwa hakika nani aliyeziandika, na mbili ziko katika lugha ambayo sisi hatuisemi, zangoja mtu wa kutusaidia. Wiki iliyopita tuliahidiwa kupelekwa kwa bibi mmoja ng'ambo ya mto, ambaye wasema alikuwa akibeba kiti cha msemaji katika mikutano ya mwaka 1958. Mto umejaa, tutavuka maji yakipungua. Daftari analishika yule mwanafunzi wa mshumaa.